Wiki ya 10 ni tarehe ngapi?

Wengi wetu tunafanya TFC na data za afya zenye kuandikwa kwa wiki: wagonjwa wa surua, wiki ya 10, mwaka 2021. Kwa kuchora grafiki unahitaji tarehe. Hapo njo matatizo yanaanza.

Kwa ISO 8601, wiki inaanza Jumatatu, na wiki ya 1 ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Basi wiki ya 10 ya 2021 inaanza 8 Machi. Excel, ukiacha WEEKNUM jinsi ilivyo, inahesabu wiki ya 1 tangu 1 Januari na kuanza kila wiki Jumapili: ile ile 10 inaanza 28 Februari. Siku nane! Unaweza kuandika kwamba chanjo ilifika kisha wagonjwa kupanda, kumbe ilifika mbele.

Lakini yenye kunikasirisha zaidi ni R. Alama yake %V inafanya vizuri ukitoka kwa tarehe kwenda kwa wiki. Ukitaka kurudi, as.Date inaipokea halafu inaipuuza, kimya. Tarehe inatoka na sura nzuri, haina uhusiano na wiki uliyoandika. Ndiyo, maelezo ya R yanasema hivyo, lakini nani anayasoma saa sita ya usiku, akikimbizana na umeme? Afadhali programu inayokataa. Python, fromisocalendar(2021, 10, 1) inatoa 8 Machi. Ukiipa wiki ya 54, inagoma palepale.