Kumtafuta Mzee wa Mzingile, Dumila

Kichwamaji nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha sita, na nilikisoma vibaya. Nilidhani Euphrase Kezilahabi ameniandikia mimi: kijana msomi ambaye kila anayemwambia Mungu yupo humdai ushahidi. Maneno ya Kazimoto yenye shaka niliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Januari 2014 Mto Mkundi ukafurika. Maji yalikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma pale darajani Dumila, yakaingia majumbani hadi Magole. Bibi yangu aliokoka na khanga mbili na redio. Mahindi yake yalibaki ndani, yameloa, yameanza kunuka. Nilipomfikia nikamuuliza, kwa kiburi cha kitabu: "Bibi, huyo Mungu wako alikuwa wapi usiku ule?"

Hakukasirika. "Hata mimi nimemuuliza, mjukuu wangu. Hajanijibu. Shika ndoo hiyo, jirani ana mtoto mchanga na hana maji."

Nilibeba ndoo huku nikiamini kwamba bibi amekwepa swali. Ilinichukua miaka kadhaa, na riwaya nyingine ya mwandishi yuleyule, kuona kwamba hakukwepa.

Katika Kichwamaji (1974), maumivu mengi yana mwenyewe. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na binti huyo anafariki. Kazimoto anajua kuhoji kuwepo kwa Mungu, lakini kisasi kinamla moyo, na mwishowe anajiua. Wengi huisoma kama riwaya ya kumkana Mungu. Mimi leo naisoma kama habari ya mtu anayemtaka Mungu ajitokeze, ilhali yeye mwenyewe amejificha mbele ya watu wake. Usomi umempa maswali, haujampa mtu wa kuyabeba pamoja naye.

Miaka 17 baadaye, katika Mzingile (1991), swali limegeuzwa. Msimuliaji anatumwa kumtafuta mzee fulani, ambaye wasomaji wengi tunamwona kuwa ni Mungu, ili ampe habari kwamba mwanawe amekufa. Hapo mtu hasubiri kuletewa ujumbe kutoka juu. Yeye ndiye mjumbe, na msiba ndio ujumbe wenyewe. Niliposoma hayo nilimkumbuka bibi: "Hata mimi nimemuuliza." Imani yake haikuwa kuona wala kuelewa. Ilikuwa kuendelea kumpelekea habari asiyejibu, hata habari zikiwa mbaya.

Kufichika huku hakukuanza na waandishi wa kisasa. Nabii Isaya alimtaja Mungu kuwa ni mwenye kujificha, na Waislamu wanamwita Al-Batin, Aliyefichika, sambamba na Adh-Dhahir, Aliye dhahiri. Dini zenyewe zimeukubali ukimya huu. Wanaouogopa ni baadhi ya wafuasi wake. Baada ya mafuriko niliwasikia waliosema maji yale ni adhabu, kana kwamba mtoto mchanga wa jirani alikuwa na kosa la kuadhibiwa. Hapo nasimama na Kazimoto bila kusita: shaka yake ni ya heshima kuliko jibu la haraka linalomtwisha aliyefiwa lawama.

Mzingile nayo ina udhaifu wake. Mafumbo yamesongamana hadi uso wa mtu wa kawaida hauonekani vizuri, na msomaji anaweza kuifunga akidhani safari yote ni ya kichwani tu. Kichwamaji ina watu wa nyama na damu, lakini haimwachii Kazimoto njia ya kutokea. Kwa hiyo nawashauri wenzangu mzisome zote mbili, mkianza na Kichwamaji, na msiishie hapo.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Bibi alimtangulia, na sikuwahi kumsikia akisema kwamba amejibiwa. Basi linaposimama Dumila, wauza nyanya na vitunguu wakiinua makarai hadi madirishani, huwa nageuka kuutazama mto. Swali langu bado ninalo. Ninachojutia ni kwamba siku ile nilimuuliza bibi mahali Mungu alipokuwa kabla ya kumuuliza kama yeye mwenyewe amekula.