Mashua Inavuja Lini?

Mwaka jana rafiki yangu alinipeleka Mtwapa kutazama mashua ya matanga iliyokuwa ikiuzwa. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu, imeegemezwa magogo, na tumbo lake limepakwa rangi nyekundu ambayo bado ilinukia. Rafiki yangu aliingia ndani, akainamia ngama, akaona mstari mwembamba wa mwanga ukipenya kati ya mkuku na ubao wa kwanza. Akatoka, akajipangusa mchanga magotini, akaninong'oneza: "Twende zetu." Nikamwambia asiwe na haraka. Uwazi kama ule huweza kuwa ugonjwa, na huweza kuwa kiu tu.

Tofauti hiyo sikujifunza kwa mafundi. Niliipata kwa kufuatilia maisha ya chombo kimoja kidogo ambacho mwenyewe aliwahi kupanga kukiuza, mipango ikamgomea, na kwa kukosa kingine akakitumia kuizunguka dunia.

Chombo hicho ni Suhaili. Kiliundwa Bombay kati ya 1963 na 1964 kwa mbao za msaji, na mafundi waliotumia tezo na keke, zana zilezile ambazo mtu wa Lamu angeziokota na kuendelea na kazi bila kuuliza. Mwili wake una urefu wa mita 9.8 hivi, milingoti miwili, umbo nene la kizamani. Jina lake nalo si geni kwetu: ni lile neno la Kiarabu lililotupa suheli, nyota na upande wa kusini. Mwenyewe, Robin Knox-Johnston, alikuwa ofisa wa meli za biashara. Mwishoni mwa 1965 aliondoka nayo Bombay, akapitia Muscat, akateremka mwambao wetu, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, akaendelea hadi Afrika Kusini, na hatimaye Uingereza.

Alipoamua kuizunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini, alitaka chombo kipya cha chuma, kikubwa zaidi, na Suhaili iuzwe kusaidia gharama. Fedha hazikupatikana. Basi tarehe 14 Juni 1968 akaondoka Falmouth na mashua aliyokuwa nayo. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Julai, alipokuwa eneo la visiwa vya Cape Verde, maji ya ngama yalianza kumshughulisha. Kila siku alipaswa kupiga pampu zaidi kuliko alivyopenda. Mtu anayesoma habari hii haraka atasema mashua ilikuwa mbovu, kalafati imeoza, mwisho. Lakini tazama alivyoanza kazi. Hakukimbilia kuziba. Alingoja bahari itulie, akajitosa na miwani ya maji, akaangalia. Chini ya mlingoti mkubwa, kati ya mkuku na ubao wa kwanza, aliona mshono umeachia kwa urefu wa futi nane hivi, pande zote mbili. Chombo kilipoyumba, mshono ule ulifunguka na kufumba.

Hilo la kufunguka na kufumba ndilo la kulitia akilini. Mshono unaokaa wazi bila kucheza una tatizo la pamba au la ukavu. Mshono unaocheza kila chombo kinapoinama una tatizo la mifupa: huenda mataruma yanayofunga mbao kwenye mkuku yamelegea, au boliti zimeliwa na kutu. Knox-Johnston aliliogopa hilo, kwa sababu kama mifupa ilikuwa inaachana, hakuna pamba ya dunia hii ambayo ingemfikisha bahari za kusini. Akapima, akaona bado mwili unashikamana, akaamua kukalafati.

Na hapo kazi ikamgomea. Fundi wa kalafati pwani hufanya kazi chombo kikiwa juu ya mchanga. Husokota pamba, huilowesha mafuta, huishika kwa vidole vya mkono mmoja huku mkono wa pili ukigonga. Pamba haina pa kwenda. Chini ya maji, mtu aliyebana pumzi, akiwa na nyundo na bisibisi kubwa badala ya patasi ya kalafati, anaingiza shibiri moja ya pamba, anapanda kuvuta hewa, akirudi pamba imeshatoka. Alijaribu hivyo, ikashindikana.

Suluhisho lake ni kazi safi. Alikata turubai ukanda wa upana wa inchi moja na nusu, akaushonea pamba urefu wote, akaupaka lami ya miti, kisha akatoboleza misumari midogo ya shaba kila baada ya inchi chache, tayari kwa kugongwa. Kazi yote ya vidole ikamalizikia juu, penye hewa. Kilichobaki chini ni kuelekeza na kugonga. Ukitaka kujua fundi ni nani, mtazame anavyohamisha kazi kutoka mahali pagumu kwenda mahali rahisi. Baadaye akaongeza juu yake ukanda wa shaba uliokuwa umesalia chomboni tangu redio ilipofungwa, ili turubai isibanduliwe na maji. Kazini alivaa shati na suruali za rangi nzito ili weupe wa mwili wake usiwavute papa. Mmoja alikuja hata hivyo, ikambidi Knox-Johnston apande ampige risasi kabla ya kuendelea.

Nina neno moja juu ya ule ukanda wa shaba. Kwa dharura ulikuwa sahihi. Kwa matengenezo ya kudumu usingefaa, maana shaba na chuma vikikaa pamoja katika maji ya chumvi, chuma ndicho huliwa. Nimeona mashua za kuuzwa zilizopigwa viraka vya shaba kando ya misumari ya chuma, kiraka kinang'aa na msumari umebaki unga. Ukiona kiraka cha namna hiyo, usiulize kimewekwa na nani. Uliza kimekaa muda gani.

Kiraka cha Suhaili kilitosha. Tarehe 22 Aprili 1969 iliingia Falmouth, ya pekee kumaliza kati ya vyombo tisa vilivyoanza mashindano ya kuizunguka dunia, kila kimoja na baharia mmoja.

Sura ya pili ni ya 1997. Mashua iliwekwa katika jumba la makumbusho ya bahari la Greenwich, ndani, kwenye hewa kavu iliyodhibitiwa ili vitu visiharibike. Mbao zikaanza kusinyaa, na mishono ikapanuka. Chombo kilichovumilia bahari za kusini kilikuwa kinakufa polepole kwa kutunzwa. Mwaka 2002 mwenyewe akakitoa.

Sababu yake ni ya mti wenyewe. Ubao ukinywa maji huvimba kwa upana wake na karibu hauongezeki kwa urefu. Kwa hiyo mbao zilizo majini husukumana ubavu kwa ubavu, zikabana pamba katikati, na chombo hujifunga chenyewe. Zikikauka hurudi nyuma. Uwazi wa aina hii haufai kukalafatiwa kwa nguvu chombo kikiwa kikavu, ingawa ndivyo anavyofanya muuzaji mwenye haraka. Pamba ikijazwa hadi mshono ushibe, siku chombo kitakaporudi majini mbao zitavimba zikose nafasi, na nguvu hiyo itatafuta pa kutokea: itang'oa misumari au kuvunja mataruma. Mafundi wetu wanajua kuacha pumzi kidogo, kisha wanapaka deheni tumboni na kukishusha chombo kingali na kiu.

Kwa hiyo mara mbili mishono ya Suhaili iliachia, na dawa zake zilipingana. Mara ya kwanza ilihitaji pamba, mara ya pili ilihitaji bahari.

Nilimweleza rafiki yangu haya pale Mtwapa, kwa kifupi zaidi. Kisha tukamwendea mwenye mashua.

"Shikamoo mzee. Tunaomba ishushwe majini siku tatu, gharama juu yetu."

"Marahaba. Siku tatu za nini, wanangu?"

"Tuone kama itafumba."

Akatutazama kidogo, akakubali. Siku ya kwanza maji yalifika kifundoni na pampu haikupumzika. Siku ya pili yalipungua. Asubuhi ya tatu ngama ilikuwa na maji ya kujaza kopo moja, na rafiki yangu akaanza kutabasamu na kugusagusa mlingoti kama mtu aliyekwisha kuununua.

Nikaomba tuitoe nje ya mwamba, kwenye mawimbi, tanga likiwa limejaa. Tulikwenda mbio upande mmoja kwa saa nzima. Nilipofunua ubao wa ngama, maji yalikuwa yamerudi, na kila mashua ilipoinama nilisikia mlio mdogo chini, kama kitanda cha kamba. Nikapapasa boliti za mkuku: mbili za katikati zilizunguka kwa vidole.

Mzee alikuwa ameshika usukani, hakugeuka. "Hizo mbili nazijua," alisema. "Ndiyo maana mimi siivushi mwamba."

Tukarudi ndani ya mkondo, akatuagizia chai, na mazungumzo ya bei yakaanza upya.