Kadenge na Mpira: Sentensi Isiyo na Kitenzi

Ijumaa ya tarehe 7 Februari 2025, habari kwamba Leonard Mambo Mbotela amefariki zilitukuta maskani, hapa Mkomani, kahawa ikizunguka. Simu zilianza kulia karibu kwa pamoja. Kabla mmoja wetu hajasema lolote, mzee mmoja ambaye hukaa pembeni na redio yake aliweka kikombe chini, akatoa sauti ya utangazaji: "Kadenge na mpira... Kadenge na mpira..."

Tukacheka wote. Halafu kicheko kikakatika chenyewe. Kati yetu vijana sita pale, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuona Joe Kadenge akicheza. Hata kwa simu. Mchezaji tunayemjua kama tunavyojua njia ya kwenda sokoni Kongowea, hatujui alikuwa akipiga kwa mguu gani.

Nimekaa na jambo hilo tangu siku ile. Kadenge mwenyewe alitangulia, tarehe 7 Julai 2019, jijini Nairobi, akiwa na miaka 84. Wakati huo nilimlilia kama kila mtu. Niliweka picha kwa status, nikaandika "Legend", nikatia mshumaa na mikono miwili. Picha niliitoa kwa status ya mtu mwingine, naye sijui aliitoa wapi. Kusema kweli, ungenibandikia picha ya mzee yeyote aliyevaa jezi ya zamani ningeituma vilevile. Kwa hivyo nilikuwa namlilia nani? Jibu nililofikia ni hili: sisi tuliozaliwa baada ya enzi zake tulikuwa tunalilia sentensi. Na kama ni sentensi tunayoililia, basi inastahili kusomwa vizuri, kama tunavyosoma shairi au hadithi.

Tuisome basi. Maneno matatu. Kadenge. Na. Mpira. Jambo la kwanza: haina kitenzi. Mwalimu wa Kiswahili angeizungushia kalamu nyekundu. Kadenge na mpira, anaufanyaje? Sisi vijana wa leo tungesema "Kadenge ako na mpira". Mwalimu angetaka "Kadenge ana mpira". Ukitazama vizuri, matoleo hayo mawili yamefungwa kwa wakati. "Ana" ni sasa hivi. Sekunde ikipita, mpira ushachukuliwa, sentensi imekuwa uongo na mtangazaji lazima atafute nyingine. "Alikuwa na mpira" ni mbaya zaidi, hiyo ni sentensi ya matangani. Lakini "Kadenge na mpira" haina jana, haina leo, haina kesho. Ilikuwa kweli miaka ya sitini kipindi mtu ameinamia redio, na mzee wetu alipoitoa pale maskani mwaka 2025 ilikuwa kweli tena, bila kubadilishwa hata herufi.

Jambo la pili ni hiyo "na". Kiswahili kimeipa kazi nyingi mno silabi hii moja. Ni ya kumiliki: fulani yuko na kitu. Ni ya kuunganisha vilevile: huyu na yule, chai na mahamri, Hassan na Hussein. Ukiisikia kwa maana ya pili, Kadenge hamiliki mpira, wako wawili. Wametoka pamoja, wanatembea pamoja, na mabeki ndio wageni. Sijui kama mtangazaji alilifikiria hilo. Wala hakuhitaji kufikiria. Alikuwa na mtu anayekimbia mbele ya macho yake na pumzi moja ya kumsimulia asiyeona. Lugha ilimpa njia fupi kuliko zote, naye akaishika.

La tatu ni kurudia. Haisemwi mara moja. Anayeisema mara moja utajua kaisoma mahali. Husemwa mara mbili, tatu, na kila mara sauti inapanda na irabu ya mwisho inavutwa: mpiraaa. Pale ndipo picha ilipo. Anayetazama televisheni haambiwi mchezaji bado ana mpira, anaona. Msikilizaji wa redio hana ila sauti. Kila marudio ni mguso mwingine wa mpira, kila kuvuta ni beki mwingine aliyeachwa. Urefu wa ile irabu ndio urefu wa mbio zenyewe. Ukitaka kujua Kadenge alikimbia umbali gani, muombe mzee airudie halafu uhesabu.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Redio ilifanya kinyume chake. Ilimchukua mtu wa Vihiga anayecheza Nairobi ikampeleka kwa watu wa Pwani, Ziwa Magharibi, Kaskazini, watu ambao hawangepata nauli ya kwenda uwanjani. Kadenge alichezea Maragoli United, kisha Abaluhya, klabu ambayo mwaka 1980 ilikuja kuitwa AFC Leopards, na akavaa jezi ya taifa. Klabu zake zilikuwa na jina la watu wa kwao na mashabiki wa kwao. Ile sentensi haikuwa na kabila. Ndiyo maana mzee wa Mkomani, mtu wa pwani kindakindaki, alipoikumbuka alisema kama anayemtaja jirani.

Na ujirani upo, ila wa upande wa sauti. Wengi wakisikia maneno yale, masikioni mwao ni sauti ya Mbotela wanayoisikia, yule yule wa *Je, Huu ni Ungwana?* Mbotela ni mtoto wa Freretown, hapo tu, dakika chache kwa bodaboda kutoka tunapokaa. Ni mtaa ulioanzishwa miaka ya 1870 na wamishenari kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Mtu wa ukoo wake, James Mbotela, ndiye aliyeandika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu kilichotoka 1934. Pale njia panda bado iko ile kengele iliyokuwa ikigongwa kuwaonya watu hatari inapokuja, na mpaka leo stejini tunasema "nishushe Kengeleni" bila kuwaza. Mmoja aliandika ili watu wasisahaulike. Mwingine akasimama mbele ya maikrofoni. Sisemi kazi hizo mbili ni sawa. Nasema hapa kwetu kuna desturi ya zamani ya kuamini kwamba sauti ikipazwa ipasavyo, walio mbali wataelewa.

Mpaka hapo nimeisifu, na ningeweza kuishia hapo kama tanzia nyingi zinavyoishia. Tanzia za 2019 nimezirudia kuzisoma. Karibu zote zilikuwa na "gwiji", zilikuwa na "nguli", na zilikuwa na "pengo lisilozibika". Pengo hilo nimelisoma kwa wabunge, kwa maaskofu, kwa wamiliki wa mabasi. Kama mapengo yote hayo yangekuwa ya kweli, nchi hii ingekuwa wavu mtupu. Ubaya wa maneno hayo si kwamba ni ya uongo. Ubaya wake ni kwamba yanatosha mtu yeyote. Ukitoa jina la Kadenge ukatia la mwingine, tanzia inaendelea bila kukwama. Lakini jaribu kutoa Kadenge kwenye "Kadenge na mpira" utie mtu mwingine. Haikubali. Huo ndio mtihani wangu wa tanzia siku hizi: je, jina linachomoka?

Lakini hata sentensi hiyo nzuri ina deni, na hapa ndipo sikubaliani na wanaoitaja kwa tabasamu tu. Sentensi ina vitu viwili, mtu na mpira. Mpira ukiondoka, inabaki "Kadenge na...", na hapo nchi nzima ilinyamaza. Baada ya kutundika daluga, Kadenge aliendesha teksi Nairobi. Teksi ni kazi ya halali na sitaki kuitilia huruma ya bandia. Wangapi kati yetu wanaendesha tuktuk na bodaboda na tunashukuru? Ninalouliza ni jingine. Abiria wangapi walikaa kiti cha nyuma, wakashuka, wakalipa, bila kujua aliyekuwa anashika usukani? "Kadenge na teksi" haikutangazwa na mtu. "Kadenge na maradhi", baada ya kiharusi kumpata uzeeni, ilikuwa habari ya siku moja moja. Sentensi ile ile isiyo na wakati ilitufanya tuamini kwamba bado yuko kule uwanjani, anakimbia, kijana daima, hahitaji kitu. Maneno mazuri yanaweza kukufanyia hivyo. Unamkumbuka mtu vizuri hadi unasahau kumuuliza hali.

Kiswahili kina neno la heshima kwa aliyekufa, "hayati", na asili yake ni uhai. Kwa wachezaji wetu huwa tunalitoa pale tu uhai ushaondoka.

Haya, na sisi huku? Nilirudi maskani wiki iliyofuata nikiwa na swali moja: Mombasa tuna sentensi ya nani? Mwaka 1965 ubingwa wa ligi ya Kenya ulikuja hapa, ukachukuliwa na Feisal. Hilo nililijua kwa kusoma, na wenzangu wawili walibisha hadi wakaona kwa simu. Mahmoud Abbas, kipa, sisi vijana tunamjua kwa lakabu yake, Kenya One. Lakabu ni nzuri, inabebeka, inaingia hata kwenye jezi. Lakini lakabu ni cheo. Inakwambia alikuwa wa kwanza, haikwambii aliruka vipi. Halafu kuna Ali Kajo. Wazee wakilitaja jina hilo hutikisa kichwa polepole kama mtu aliyeonja pilau ya harusi ya zamani. Alivaa jezi ya Harambee Stars na kwao yeye ndiye mpira wenyewe. Kwetu vijana Kajo ni jina tu. Hana sentensi. Hakuna kijana wa Mkomani anayepiga chenga mchangani akaambiwa "Kajo huyo!" Akiufuga mpira hataki kupasia wenzake, anapigiwa kelele "Kadenge na mpira!" na mtu ambaye babake hakuwa amezaliwa Kadenge alipokuwa akitamba.

Hapo naona hatari yetu. Siku za nyuma sauti ilikuwa moja na taifa zima limeielekea. Aliyesemwa na sauti hiyo alibaki. Leo sauti ziko elfu na kila mmoja ana maikrofoni mfukoni, lakini mchezaji wa zamani akifariki tunachotoa ni ile picha isiyojulikana ilikotoka, mshumaa, na "Legend". Sisemi tusilie. Nasema tunalia kwa maneno ya kukodi huku wanaojua maneno yenyewe wamekaa hatua tatu kutoka tulipo, kwenye kiti cha plastiki, kahawa inawapoa.

Kwa hivyo siku ile nilisogeza kiti. "Shikamoo babu," nikamwambia yule mzee wa redio. "Hebu niambie, Kajo alikuwa anachezaje?"

"Marahaba. Yuwachezaje vipi? Kajo ni Kajo."

"Mimi sikumuona, babu. Nisimulie kama vile unatangaza."

Niliwasha simu ikaanza kurekodi. Alifikiria kwa muda. Alianza, "Kajo..." akasita. "Kajo yuwaja..." akasita tena. Alitafuta neno nikaona analitafuta kwa mikono. Alisema habari ya miguu myepesi, akaifuta mwenyewe, "La, si hivyo, kila mtu husema hivyo." Mwishowe akakasirika, akasukuma kiti nyuma, akasimama. Alivuta kikoi kidogo juu. Kisha mzee huyo, ambaye huomba asaidiwe kushuka ngazi za msikiti, alitia bega la kulia mbele kama anayekwenda huko, akasimama ghafla, na mguu wa kushoto ukavuta kitu ambacho hakikuwepo, polepole sana, upande mwingine.

"Umeona?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeona.

"Basi. Beki yuko kule." Akaonyesha upande wa baharini, akacheka, akakaa.

Rekodi ninayo, dakika kumi na moja. Ni sauti tu, sikuwasha kamera, na nimejilaumu sana kwa hilo. Ukiisikiliza utasikia vikombe, pikipiki inapita, kiti kinasukumwa, halafu kandambili zinakwaruza saruji mara moja upande wa kulia na mara moja ndefu upande wa kushoto. Nimewachezea watu kadhaa. Wote huniuliza hapo anafanya nini, nami inabidi nisimame niwaonyeshe.