Ufundi wa Kumsubiri Anayetafuta Neno

Jioni za Juni watu wa Kasense, hapa Sumbawanga, hawakai nje bila sababu. Uwanda wa Ufipa uko juu, na jua likishazama baridi huingia mpaka kwenye mifupa. Sababu ya binti wa jirani yangu ni mtandao, ambao ndani ya nyumba unasumbua ila barazani unatulia. Hujifunga kitenge juu ya sweta, akaweka simu kwenye goti, akaanza kuzungumza na kijana wa Ujerumani ambaye hawajawahi kuonana ana kwa ana. Huku ni saa mbili usiku, kule ni saa moja na jua bado linawaka. Mwenzake anataka Kiswahili, yeye anataka Kijerumani. Nusu saa ya huyu, nusu saa ya yule. Walikutana kwenye programu ya simu, mojawapo ya hizi zinazowaunganisha wanaojifunza lugha, kama Tandem na HelloTalk. Hakuna anayemlipa mwenzake. Gharama ni bando tu.

Nimekuwa nikimsikiliza kupitia dirishani, kwa udaku wa mtu mzima asiye na kazi ya jioni. Siku moja kijana yule alisema, kwa sauti ya chini, "Mbwa yangu imekufa." Mimi, niliyefundisha darasani miaka mingi, tayari nilikuwa nimeshaiona kalamu nyekundu. Binti akasema, "Ooh, pole sana jamani. Mbwa wako amekufa lini?" Kimya kidogo. Kisha: "Mbwa wangu amekufa juzi." Akaendelea kumwuliza mbwa alikuwa wa rangi gani, alikuwa akilala wapi, nani alimzika. Kijana akajibu yote, kwa kukwama na kurudia, na kila "yangu" ikawa "wangu" bila mtu kutaja ngeli hata mara moja.

Huo ni ufundi. Kuzungumza kila mtu anajua. Lakini kumsikia mtu anavunja lugha yako, ukamrudishia sentensi yake ikiwa nzima bila yeye kuona aibu, tena baada ya kumpa pole ya msiba wake kwanza, si jambo la kila mtu. Walimu wengi hatukulipata chuoni.

Huku kwetu ufundi huu ni wa zamani kuliko simu. Mapadri Weupe walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1879, na mwaka 1885 wakakabidhiwa kituo cha Karema. Kadinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao kule Algeria mwaka 1868, alikuwa amewaagiza waongee lugha ya watu watakaoishi nao. Agizo ni rahisi kutoa, lakini ili mgeni aongee, lazima awepo mwenyeji wa kuongea naye, na mwenyeji huyo hakuwa ameagizwa na kadinali yeyote. Tunamkumbuka Askofu Lechaptois, ambaye kitabu chake juu ya nchi za pwani ya ziwa kilitoka mwaka 1913. Nani anamkumbuka mtu aliyekaa naye alipokuwa bado anababaika? Vivyo hivyo Roy Willis, mtaalamu wa mila kutoka Uingereza aliyeishi Ufipa miaka ya 1960, akatoa mwaka 1978 kitabu cha masimulizi yetu, There Was a Certain Man. Hadithi zile zilitoka kwenye vinywa vya watu waliokubali kumngoja mgeni mpaka aelewe.

Mmoja wa watu wa namna hiyo nilimwona kwa macho yangu. Kijijini kwa mama yangu alikuwepo katekista mzee, na kila alipoletwa padri mgeni kutoka Ulaya, alikabidhiwa yeye. Hakuwa na ubao wala chaki. Alimpa padri jembe. Wakati wa masika wanaume na wanawake wanapiga ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo nyasi hufukiwa chini zioze ziwe mbolea, naye alimpeleka padri shambani akapige ntumba pamoja na watu. Lugha ilifundishwa humo. Hii ni nyasi, huu ni udongo, geuza, funika, pumzika, leta maji. Ilipofika jioni mikono ya padri ilikuwa na malengelenge, na maneno aliyoyapata siku hiyo hayakumtoka tena.

Ninachokikumbuka zaidi ni jinsi mzee alivyongoja. Padri alipoanza sentensi, katekista alisimamisha jembe. Aliliegemea, akaangalia mbali kidogo, si usoni mwa padri, akangoja. Padri angetafuta neno, akalikosa, akatafuta tena. Sisi watoto tuliokuwa tukiokota nyasi tulilijua neno, lilikuwa linatuwasha ulimini, na mara moja mmoja wetu alilitamka kwa sauti na wengine wakacheka. Mzee aligeuka akatutazama tu. Kicheko kikafa. Padri akalipata neno mwenyewe, lina kasoro, mzee akalijibu kana kwamba limetamkwa na mzaliwa wa hapa, akanyanyua jembe, kazi ikaendelea. Hakumsifu wala hakumpigia makofi kama mtoto. Alimjibu, basi.

Baadaye nilikuja kusikia kwamba shule ya lugha ya Makoko, Musoma, ya wamisionari wa Maryknoll, iliwatoa wanafunzi wake darasani kwenda kuongea na watu, na kwamba vijana wa kujitolea wa Peace Corps kutoka Marekani, ambao walianza kuja nchini mwaka 1961, hukaa kwanza na familia za wenyeji ili waokote lugha jikoni. Wote wamelijua jambo lile lile la katekista: kwamba lugha inahitaji mtu wa kukaa nayo.

Sasa simu imetuletea watu hao kwa mamia, na mimi sina ugomvi na simu. Kijana wa Sumbawanga anafundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, anafaulu mtihani, na katika miaka yote hiyo huenda hajawahi kukaa na mtu mmoja wakaongea Kiingereza nusu saa mfululizo. Kibao cha "Speak English" kipo ukutani. Wa kuongea naye hayupo. Kwa huyo, mwenza wa mtandaoni ni neema.

Tatizo ni haraka. Binti wa jirani ananisimulia kwamba kabla ya kumpata huyu aliwapitia wengi. Kuna wanaoanza na "hi" na kuishia hapo hapo. Kuna wanaochukua nusu saa yao ya Kiswahili na zamu yako ikifika wana kikao. Na wa kwetu nao wamo: siku ya pili tu anaomba hela ya vocha, siku ya tatu anauliza habari za viza. Salamu, ambayo huku Ufipa mtu huiinamia na kuipigia makofi taratibu, inarukwa kama kidimbwi. Programu inaweza kumtafutia mtu mwenza kwa dakika moja. Haiwezi kumfundisha kungoja.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Yule binti anayempa pole Mjerumani kwa ngeli zilizovunjika, mwenyewe hasemi Kifipa. Anakisikia, anakielewa, ila hakisemi. Nilipomwuliza sababu alijibu bila kufikiri: alipokuwa mdogo akijaribu, shangazi zake walikuwa wakicheka. Walimwigiza mbele ya wageni. Akaamua kunyamaza, na hajafungua kinywa kwa Kifipa mpaka leo.

Nimeziangalia nyumba nyingine hapa mtaani, na yangu mwenyewe, na habari ni hiyo hiyo. Mzungu akisema "habari wa asubuhi" tunamshangilia, tunamvutia kiti. Mjukuu akikosea neno moja la bibi yake, sebule nzima inaangua kicheko. Kisha tunakaa vikao na kulalamika kwamba watoto wa siku hizi wanadharau lugha za wazee. Hawadharau. Wamechekwa wakanyamaza.

Desemba shule zitafungwa, na wajukuu watapanda mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya kuja Kasense. Watakosea Kifipa. Ninawaomba shangazi, wajomba na mabibi wa mtaa huu wawajibu tu.