Kichimbakazi au Mchawi? Uhakiki wa Riwaya ya Tithe ya Holly Black

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki riwaya ya Tithe, iliyotungwa na mwandishi wa Marekani Holly Black na kuchapishwa mwaka 2002. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Zaka, yaani fungu la kumi. Ni riwaya iliyoandikwa kwa ajili ya vijana, na kwa sababu hiyo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaona kwamba haistahili kujadiliwa katika kurasa kama hizi. Sisi tunaona vingine. Riwaya inamhusu msichana wa miaka 16 anayegundua kwamba yeye si binadamu: alipokuwa mchanga aliwekwa mahali pa mtoto mwingine aliyeibwa, naye akalelewa na mama asiyejua lolote. Kisa hiki chaonekana kuwa cha mbali. Hata hivyo, katika miji yetu, Kinshasa na Lubumbashi ikiwemo, wamekuwapo watoto walioambiwa na jamaa zao wenyewe kwamba si watoto kama wengine bali ni wachawi, wakapigwa na kufukuzwa nyumbani.

Kwa hiyo swali tunaloliuliza ni hili: mtu anapotajwa kuwa si mtu kama watu, ni nani aliyelitamka neno hilo, na neno lenyewe linamtendea nini anayelisikia? Hoja yetu ni kwamba thamani ya Tithe imo katika jinsi inavyoliondoa neno hilo vinywani mwa washtaki na kulikabidhi kwa msichana mwenyewe. Tunaongeza kwamba mfasiri wa Kiswahili asiyechagua istilahi kwa uangalifu atalirudisha neno hilo palepale lilipoondolewa.

2. Kisa kwa ufupi

Mhusika mkuu ni Kaye, binti wa Ellen, mwanamuziki anayehamahama na bendi yake. Baada ya mama kushambuliwa na mwanamume wake huko Philadelphia, wawili hao wanarudi nyumbani kwa bibi, kwenye pwani ya New Jersey. Utotoni Kaye alikuwa na marafiki ambao watu wazima waliwachukulia kuwa wa kubuni tu. Kumbe walikuwapo kweli, nao ni viumbe ambao kwa sasa tutawaita viumbe wa siri, hadi tutakapolijadili jina lao katika sehemu ya 5.

Usiku mmoja msituni Kaye anamwokoa Roiben, askari wa viumbe hao aliyejeruhiwa. Baadaye marafiki zake wa utotoni wanamfunulia habari mbili. Ya kwanza ni kwamba yeye ni mmoja wao, na umbo lake la kibinadamu ni kiinimacho alichofanyiwa tangu uchanga. Ya pili ni kwamba wanamhitaji. Kila baada ya miaka 7 malkia wa ufalme wa giza humtoa binadamu mmoja kuwa zaka, na kwa zaka hiyo huwafunga viumbe wasio na mfalme wawe watumwa wake. Kaye akikubali kujifanya binadamu na kutolewa, zaka itabatilika, nao watakuwa huru kwa miaka 7. Kaye anauondoa ule ufunikaji kwa jani la klova lenye vipande vinne, na hapo anajiona kwa mara ya kwanza: ngozi ya kijani, macho meusi, mabawa mgongoni.

3. Asili ya dhamira: mtoto wa badali

Holly Black hakubuni dhamira hii. Imani ya kwamba viumbe wa siri huiba watoto wa watu na kuacha wa kwao mahali pao ilienea katika Ayalandi, Uskoti na sehemu nyingine za Ulaya. Sisi tutamwita kiumbe anayeachwa hivyo mtoto wa badali. Robert Kirk, mchungaji wa Aberfoyle katika Uskoti, aliandika kitabu juu ya jamii ya viumbe hao mwishoni mwa karne ya 17. Zaka ya kila miaka 7 nayo inatoka katika utenzi wa kale wa Uskoti uitwao Tam Lin, ambamo kijana aliyechukuliwa na malkia wao anaogopa kulipwa kuwa ushuru wa jehanamu.

Imani hii haikuwa mchezo wa kuwafurahisha watoto. Mwaka 1826, katika Kerry huko Ayalandi, mwanamke aitwaye Ann Roche alimzamisha mtoto mdogo katika mto Flesk. Mtoto huyo hakuweza kusimama, kutembea wala kusema. Mshtakiwa alieleza kwamba hakukusudia kuua, bali kumtoa kiumbe aliyemwingia mtoto, na mahakama ikamwachilia. Mwezi Machi 1895, huko Ballyvadlea katika Tipperary, Bridget Cleary aliuawa kwa moto na mumewe, aliyeshikilia kwamba mgonjwa aliyekuwa mbele yake si mkewe bali ni badali. Mume alihukumiwa kifungo cha miaka 20.

Tunayataja mambo haya kwa sababu yanaonyesha muundo wa kisa kabla hakijaingia katika riwaya. Katika masimulizi ya asili, badali hajigundui. Anagunduliwa na mama mkwe, na mume, na jirani, na mganga. Dalili zenyewe ni ugonjwa, ulemavu, ukaidi, au kula sana bila kunenepa. Yeye hana usemi, na ukweli wa maneno ya wengine unapimwa katika mwili wake kwa maji na kwa moto. Msomaji wa Kongo hahitaji kuongezewa mfano. Filip De Boeck, mwanaanthropolojia aliyeandika juu ya Kinshasa katika kitabu cha mwaka 2004, ameeleza kwa kirefu jinsi watoto wanavyotuhumiwa wakati kifo, talaka au umaskini unapoingia nyumbani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza tuhuma hizo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaziadhibu.

4. Neno mikononi mwa msichana

Je, Holly Black amefanya nini na urithi huo? Kwanza, ameyageuza maelekezo ya usemi. Habari ya asili ya Kaye haitoki kwa bibi wala kwa mama wala kwa padri. Anaipokea kutoka kwa wale wanaomtambua kuwa ndugu yao, kisha anaithibitisha kwa mkono wake mwenyewe. Kile kilichokuwa shtaka kimekuwa maarifa. Hata hivyo mwandishi hatuachii tufurahi mapema, kwani hao ndugu wanaomwambia ukweli wanamwambia kwa kuwa wana shida naye. Viumbe hawa hawawezi kusema uongo, lakini wanajua kunyamaza, na kunyamaza kwao kunadanganya kuliko uongo. Kaye anajifunza kwamba kuambiwa ukweli hakumaanishi kupendwa.

Pili, riwaya inafungamanisha ugunduzi na mamlaka ya jina. Ajuaye jina kamili la kiumbe wa siri anaweza kumwamuru, na aliyeamriwa hana budi kutii. Kaye analipata jina la Roiben, na mwanzoni analitumia bila kujua uzito wake. Huo ni ubunifu wenye maana, kwa sababu msichana ambaye amepewa jina la mtoto mwingine ndiye anayejifunza kwamba kumtaja mtu kunaweza kuwa kumfunga. Usiku wa zaka, jina hilohilo ndilo linalomwokoa. Neno lililokuwa pingu linakuwa ufunguo, lakini halijaacha kuwa chuma.

Tatu, na hapa ndipo tunapoona ubora wa mwandishi, ugunduzi wa Kaye una mdai. Ikiwa yeye si binti wa Ellen, basi binti wa Ellen yuko wapi? Riwaya ya kwanza inaliacha swali hili likining'inia. Linajibiwa katika Ironside, iliyochapishwa mwaka 2007, ambamo Kaye anajidhihirisha kwa mama yake. Mama hamkumbatii kama tungetarajia katika hadithi tamu. Anashtuka, na anamtaka mtoto wake. Kaye anakwenda kumtafuta aliyeibwa na kumrudisha. Hivyo mwandishi anatuonyesha kwamba mtu anaweza asiwe na hatia ya namna alivyoletwa duniani na bado akawa na wajibu juu yake. Hilo ni jambo zito, na halisemwi kwa mahubiri.

Ubora huu unaonekana zaidi tukiilinganisha Tithe na The Iron King ya Julie Kagawa, ya mwaka 2010. Humo Meghan, msichana anayetimiza miaka 16, anagundua kwamba baba yake ni Oberon, mfalme wa viumbe wa siri. Nyumbani kwao mdogo wake ameibwa na badali amewekwa mahali pake, lakini badali huyo ni kiumbe mkali tu, wa kuogopwa na kuondolewa. Ugunduzi umekuwa habari ya nasaba tukufu: msichana aliyedharauliwa shuleni kumbe ni binti mfalme. Kaye hapati ufalme kwa kuzaliwa. Anapata ngozi ya kijani na deni. Kagawa amempa usemi binti mfalme, lakini badali amebaki bubu kama alivyokuwa mwaka 1826.

5. Tatizo la istilahi

Sasa tulijadili jina. Mwanafunzi wetu, akilikuta neno la asili la viumbe hawa, hulipitisha kwanza katika Kifaransa na kupata fée. Neno hilo humletea mama wa ubatizo wa Cendrillon katika hadithi ya Perrault ya mwaka 1697, mwanamke mwema mwenye fimbo. Picha hiyo haifai kabisa hapa. Tukisema malaika, tumekwenda mbali zaidi. Jini lina nasaba yake katika Uislamu na mila za pwani; jini hupanda mtu kichwani, humtaka ubani na ngoma, lakini halikui katika nyumba likiitwa mwanangu. Pepo nalo humwingia mtu aliyekuwapo kabla yake. Katika Lubumbashi tuna mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki aliyechorwa sana na wachoraji wetu wa miaka ya 1970. Yeye yumo majini, hutoa mali kwa masharti, na kila amwonaye anajua mara moja kwamba si mtu. Kaye hakujulikana hivyo, hata na nafsi yake.

Linabaki neno mchawi, au mulozi kama tunavyosema Katanga. Kwa mtazamo wa kisa ndilo lililo karibu kuliko yote: mtu wa nyumbani, mwenye sura ya kawaida, ambaye usiku ni wa upande mwingine. Na ndilo neno ambalo mfasiri lazima alikatae. Mchawi si jina la jamii ya viumbe, ni hukumu. Hakuna anayesema mchawi bila kudai kwamba kuna aliyedhurika. Mfasiri akilitumia, msomaji kijana atasoma kwamba waliomshtaki jirani yake walikuwa na haki, na kwamba Kaye mwenyewe amekiri.

Tunapendekeza kichimbakazi, neno lililomo katika kamusi za Kiswahili sanifu ingawa halisikiki sana huku kwetu. Ugeni wake ni faida, kwa kuwa halijabeba kesi ya mtu yeyote. Lina faida nyingine ya kisarufi. Kwa umbo lake limo katika ngeli ya ki-/vi-, ngeli ya vitu. Lakini kwa upatanisho wake linafuata viumbe hai, kama kijana, kipofu na kiziwi. Twasema kichimbakazi huyu amekuja, wala si kichimbakazi hiki kimekuja. Umbo la nje laweza kuonekana la kitu, lakini sentensi nzima inamtambua kuwa ana nafsi. Lugha yetu, pasipo kukusudia, imeeleza hali ya Kaye kuliko maelezo marefu.

Kuhusu jina la riwaya, tunaona zaka lifae bila mabadiliko. Msomaji anayelisikia neno hilo kanisani kila Jumapili atashtuka akikuta kwamba kinacholipwa ni mtu, na mshtuko huo ndio uliokusudiwa.

6. Kasoro

Hatusemi kwamba Tithe haina dosari. Binadamu wasio na siri hawathaminiwi vya kutosha. Janet, rafiki wa Kaye, anazamishwa na kiumbe wa majini baada ya zaka kubatilika. Kifo chake ni matokeo ya moja kwa moja ya uhuru waliopewa wale wasio na mfalme, lakini masimulizi yanampita haraka kuelekea mapenzi ya Kaye na Roiben. Riwaya iliyouliza kwa ukali nani alipe deni la Kaye ingepaswa kuuliza nani alipe deni la Janet. Aidha, mateso ya ufalme wa giza yamepambwa kwa uzuri kiasi kwamba msomaji kijana anaweza kuyatamani.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kisa cha msichana anayejigundua kuwa kichimbakazi kimejengwa juu ya kisa cha kale cha mtoto anayeshtakiwa, na kwamba Holly Black ameugeuza mwelekeo wa neno pasipo kulipunguzia uzito. Wapo watakaosema kwamba katika nchi ambamo watoto wametuhumiwa hivyo, hadithi ya namna hii isifundishwe. Sisi tunashauri ifundishwe, lakini mwalimu aanze na swali la nani anasema. Mwanafunzi akijifunza kuliuliza swali hilo juu ya Kaye, atakuwa na uwezo wa kuliuliza pia siku atakaposikia, katika ua wa nyumba yao, mtu mzima akimnyoshea mtoto kidole.