Hoho Ndani ya Faneli: Dakika Sita za Edward Weston

Faneli ya bati inajulikana jikoni na dukani: ndiyo inayomiminia mafuta ya taa kwenye chupa bila kumwaga hata tone. Mwanzoni mwa Agosti 1930, katika mji mdogo wa Carmel, pwani ya California, mpigapicha Edward Weston aliilaza faneli ya namna hiyo mbele ya kamera yake, akaweka pilipili hoho moja mdomoni mwa faneli, kisha akaacha lenzi wazi kwa dakika sita. Picha iliyopatikana ikaitwa Pepper No. 30. Zaidi ya miaka 90 imepita, na bado haijapata mpinzani wa maana miongoni mwa picha za vitu vidogo vilivyopigwa mezani.

Anayeitazama kwa mara ya kwanza hukawia kuiona hoho. Huona mgongo wa mtu aliyejikunyata, au watu wawili waliokumbatiana. Rangi ya kijani haipo, ukubwa halisi haujulikani, na meza haionekani. Kilichobaki ni umbo na mwanga, na mwanga huo ndio unaostahili kuchambuliwa, kwa sababu ulitengenezwa kwa kipande cha bati.

Weston, aliyezaliwa 1886, alikuwa akijipatia riziki kwa kupiga picha za watu studioni. Vitu vya nyumbani alivigeukia kwa hiari yake. Mwaka 1925, akiwa Mexico, alipiga choo cha kauri kwa heshima ileile ambayo wengine huipa sanamu. Mwaka 1927 yakafuata makombe ya baharini. Mwaka 1929 mwenzake Sonya Noskowiak, naye mpigapicha, alileta hoho nyumbani, na Weston akashindwa kuziacha. Msimu uliofuata alizirudia kwa bidii kubwa zaidi. Namba 30 katika jina la picha ni hesabu ya kazi hiyo.

Kilichomsumbua kilikuwa mandhari ya nyuma. Alijaribu kitambaa cha melimeli, akajaribu kadibodi nyeupe, na kila mara hoho ilionekana kama imekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Mtu yeyote aliyewahi kupiga kitu chenye ngozi inayong'aa analijua tatizo hili. Hoho ni kioo kilichopinda: kila ubavu wake huonyesha kile kilicho mbele yake. Ukiweka weupe nyuma, kingo hukatika kwa ukali. Ukiweka weusi, upande wa kivuli humezwa na giza, na nusu ya umbo hupotea.

Faneli ilimaliza yote mawili kwa mpigo mmoja. Mwanga ulioingia mdomoni uligonga ukuta wa bati unaozunguka, ukarudi kwenye mbavu za hoho ambazo vinginevyo zingebaki gizani. Ndani zaidi, kuelekea kwenye koo la faneli, mwanga ulizidi kupungua, hivyo nyuma ya hoho pakapatikana kijivu kinachofifia hadi weusi. Ubora wa bati kwa kazi hii ni kwamba halirudishi mwanga kama kioo cha kujitazamia. Huutawanya, ukatua taratibu. Kioo halisi kingetia vimulimuli vikali kila upande na kuiharibu picha.

Sasa dakika sita. Zinaonekana nyingi mno kwa kitu kilichotulia mchana, lakini hesabu yake iko wazi. Kamera ya Weston ilitumia filamu ya inchi 8 kwa 10, yaani takriban sentimita 20 kwa 25, na lenzi aliyoichagua ilikuwa Zeiss yenye urefu wa fokasi wa sentimita 21. Ili kitu kitokee kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, lenzi lazima isogezwe mbali na filamu mara mbili ya urefu huo, yaani sentimita 42, kwa kuvuta ule mkunjo unaofanana na mvukuto wa mhunzi. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika kwenye filamu hubaki robo. Lenzi ya sentimita 30, iliyo ya kawaida zaidi kwa filamu hiyo, ingedai mkunjo wa sentimita 60.

Hilo ni deni la kwanza. La pili ni kina. Kitu kinapopigwa kwa karibu hivyo, sehemu inayoonekana kwa ukali huhesabika kwa milimita chache tundu la lenzi likiwa kubwa: ubavu wa mbele ungekuwa mkali na mkunjo wa nyuma ungekuwa ukungu. Dawa ni kulifinya tundu, na kila likifinywa mwanga hupungua tena. Deni la tatu ni la filamu yenyewe, kwa kuwa mwanga hafifu ukidumu muda mrefu, filamu huzidi kuwa nzito kuupokea na hudai muda wa ziada. Mpigapicha asiye na subira angelipa kwa ukungu. Weston alilipa kwa dakika.

Tena hakuikuza picha. Aliweka negativu moja kwa moja juu ya karatasi ya kuchapia picha, ikagusana nayo, na picha ikatoka kwa ukubwa uleule wa filamu. Ndiyo maana ngozi ya hoho kwenye nakala zake ina ulaini unaokaribia kushikika kwa vidole.

Jambo moja husahaulika haraka. Hoho hiyohiyo ilikuwa imemshughulisha kwa muda wa wiki nzima, na alikwisha kuamua kwamba hana la kuifanyia zaidi, ila moyo ulisita kuipeleka jikoni. Faneli ilipoingia, maandalizi yalichukua dakika chache tu, maana tayari alijua ni upande gani wa kuielekeza na ni mwanga upi unaoifaa. Wanaoisifu faneli peke yake wanaidhulumu ile wiki.

Mwenye simu anaweza kulirudia jaribio hili leo, na kwa upande mmoja amebahatika: lenzi ya simu ni fupi sana, kwa hiyo kina chake ni kikubwa na dakika sita hazihitajiki. Taabu yake iko kwingine. Ikisogezwa karibu mno, simu hushindwa kulenga, na upande wa mbele wa kitu huvimba. Arudi nyuma kiasi cha sentimita 30, avute picha mara mbili, aiegemeze simu kwenye kikombe na kutumia saa ya kuchelewesha ili kidole kisiitikise. Taa ya chumbani izimwe, libaki dirisha moja. Pasipo faneli, sufuria ya alumini iliyochakaa, ikilazwa ubavu, hufanya kazi ileile. Mpya inang'aa kupita kiasi. Kidole kikibonyeza na kukaa juu ya hoho kwenye kioo cha simu, simu nyingi hufunga ulengaji, kisha mwangaza upunguzwe mpaka sehemu nyeupe kabisa ya ngozi ionyeshe tena mchoro wake. Baada ya hapo kamera isiguswe. Igeuzwe hoho, kidogo kidogo, na kila mgeuko upigwe.

Hoho huanza kunywea baada ya siku chache, na ile ya Weston ilikuwa imeshaanza kuchoka alipoipiga. Usiku wa leo, kabla kisu hakijaigusa ya kwako, ipe kwanza nusu saa dirishani.