Pongezi kwa Wanaouliza Polepole

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu nchini Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi wengi. Humo wapo wahudumu wa jamii ambao nao ni wakimbizi. Kwa upande wa afya ya akili, nawapongeza hao kabla ya daktari yeyote.

Dodoso maarufu la sonona, PHQ-9, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Kwenye karatasi ni kazi ya dakika chache. Kibarazani ni jambo jingine. Mhudumu mzuri hubisha hodi, huketi, huuliza habari za watoto na mgawo wa chakula, ndipo agusie usingizi. "Mama, usiku unalala?" Akijibiwa kwamba halali, haandiki 3 papo hapo. Huenda turubai linavuja. Huenda watoto wanalia njaa. Au huenda kila akifumba macho anarudi kwao Fizi, Kongo, usiku ule walipokimbia. Kuyatenganisha hayo ndiyo ufundi wenyewe.

Swali la 9, la kuwaza kifo, wengi wangelipitia mbio (hata mimi). Mhudumu huyu husubiri jirani aondoke, hushusha sauti, huuliza waziwazi. Akisikia "ndiyo", hamwachi peke yake mpaka apate wa kumpokea kliniki.

Kwa yote hayo hulipwa posho ndogo, si mshahara, na ripoti hutoka kwa jina la mwingine.